Hema au hoteli? Ziara za shule zisiwabague watoto

Kila muhula wa pili ufikapo katikati, wazazi wengi nchini hupokea barua kutoka shuleni zikiwaarifu kwamba pameandaliwa ziara ya kielimu. Barua hizo hutaja mji utakaozuriwa, siku zitakazotumika na, mwishoni, kiasi cha fedha kinachotakiwa. Aghalabu ni kiasi hicho kimfanyacho mzazi aikunje barua na kuitia mfukoni bila kusema neno. Leo ningependa tujadiliane, walimu na wanafunzi wenzangu, juu ya jambo moja linalokipandisha sana, nalo ni mahali pa kulala.

Nimefundisha katika shule ya kutwa kwa miaka mingi, na kosa nitakalolisimulia nililitenda mimi mwenyewe. Tulipanga kuwapeleka wanafunzi wa darasa langu Mombasa kwa siku tatu. Kila mmoja alitakiwa kulipa shilingi 9,500, na katika fedha hizo shilingi 5,200 zilikuwa za hoteli peke yake. Kati ya wanafunzi 46, waliolipa walikuwa 17. Sikuona vibaya wakati huo. Nilijiambia kwamba mwenye nacho huenda, na asiye nacho atasimuliwa.

Hoteli yenyewe, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikuwa nzuri. Lakini ndiyo iliyotutawala. Tulipoingia Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, tulikaa dakika arubaini tu, maana chakula cha mchana kilikuwa kimelipiwa na kilipakuliwa saa saba kamili. Magofu ya Gede hatukuyaona kabisa, kwa kuwa ni mbali na tungechelewa chajio. Usiku wanafunzi walijifungia vyumbani wakatazama televisheni hadi usiku wa manane, jambo ambalo wangeweza kulifanya makwao bila gharama ya basi.

Tuliporejea niliwapa darasa zima insha ya kuandika: "Safari nitakayoikumbuka daima." Hapo ndipo nilipoona uzito wa nililolifanya. Msichana mmoja miongoni mwa waliosalia hakuandika juu ya safari yoyote. Aliandika juu ya alfajiri aliyosimama langoni akitazama basi likiondoka, akaeleza jinsi alivyowapungia mkono wenzake mpaka taa za nyuma zikapotea, kisha akaingia darasani kuwasubiri wengine waliobaki. Ilikuwa insha bora kuliko zote. Niliitunuku alama za juu, lakini sikuweza kuisoma mbele ya darasa.

Mwaka uliofuata tulibadili mpango. Tulikwenda Mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, tukalala katika mahema. Mbuga hiyo iliyotangazwa rasmi mwaka 1984 ni ndogo, ina kilomita 68 hivi za mraba, nayo ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) limetenga humo viwanja vya kupigia kambi. Mahema tuliyaazima, unga na maharagwe yakatoka kwa wazazi, sufuria zikatoka katika jiko la shule. Kila mwanafunzi alilipa shilingi 1,900. Walikwenda 43.

Nakiri kwamba Naivasha ni karibu nasi kuliko Mombasa, na sehemu ya nafuu hiyo ilitokana na umbali. Lakini hata tungelilala hotelini huko huko Naivasha, gharama ya malazi ingeliwafungia nje zaidi ya nusu ya darasa. Umbali haukuwa ndio mlango uliofungwa mwaka uliotangulia. Mlango uliofungwa ulikuwa wa hoteli.

Nao waliokwenda walijifunza nini? Kwanza walijifunza kwamba ugali wa watu 40 hausongwi kama ugali wa watu watano. Ule wa kwanza uliungua, tukaula hivyo hivyo. Wavulana walipika, wasichana wakakita vigingi na kukaza kamba za mahema, kisha siku ya pili wakabadilishana. Nyani walituibia mikate miwili, na tangu hapo hakuna aliyehitaji kuhimizwa kufunga chakula. Usiku mvua ndogo ilinyesha, hema moja likavuja, na waliokuwa ndani wakakaribishwa na wenzao pasipo mwalimu kutoa amri. Mtoto wa mfanyabiashara na mtoto wa kibarua wakagawana blanketi moja.

Kabla ya mapambazuko niliwaamsha ili wakitazame Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho wazee wetu walikitumia kujua majira ya kulima. Wengi walikuwa wamelisoma neno hilo kitabuni tu. Kulipokucha tulitembea hadi kwenye mwamba uitwao Fischer's Tower, mabaki ya volkano ya kale, kisha tukauona mvuke ukifuka upande wa Olkaria, ambako umeme unaotokana na joto la ardhini umekuwa ukizalishwa tangu mwaka 1981. Somo la jiografia ambalo mimi hulihangaikia ubaoni kwa majuma mawili lilifahamika asubuhi moja.

Wazo hili si langu wala si geni. Mwezi Agosti mwaka 1907, Robert Baden-Powell alipiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, pamoja na wavulana wapatao ishirini. Aliwachagua kwa makusudi, baadhi yao kutoka shule za matajiri na wengine kutoka familia za wafanyakazi, akawachanganya katika vikundi. Katika kambi hiyo ndimo ulimozaliwa uskauti. Mshindani wangu anaweza kunikumbusha kwamba Baden-Powell huyo huyo aliimalizia miaka yake Nyeri, katika nyumba ndogo iliyojengwa ndani ya uwanja wa hoteli ya Outspan, akafariki mwaka 1941. Ni kweli. Lakini alikuwa mzee aliyekwishachoka. Hema linamfaa kijana, na hoteli ina wakati wake.

Na hapa yafaa niwatendee haki wanaoipendelea hoteli, kwani hoja zao zina uzito. Hoteli ina kuta, maji ya bomba na mlinzi langoni. Mwanafunzi mgonjwa au mlemavu huenda akataabika kambini. Zaidi ya yote, nje kuna hatari ambazo mwalimu hana budi kuziogopa. Mwezi Septemba mwaka 2019, mafuriko ya ghafla yaliwasomba na kuwaua watalii waliokuwa wakitembea ndani ya korongo la mbuga hii hii ya Hell's Gate. Mwaka 2024 mto ulivunja kingo zake huko Maasai Mara, na watu wakalazimika kuokolewa kutoka kambini. Mzazi anayeyakumbuka hayo na kusita kutia sahihi hastahili kuitwa mwoga.

Jibu langu ni kwamba hatari hizo zinatudai maandalizi, hazitudai tuwaache watoto nyumbani. Kambi isipigwe ukingoni mwa mto wala katika majira ya mvua. Makorongo yaepukwe mawingu yanapotanda, hata kama mvua inanyesha mbali, kwa maana maji husafiri. Taarifa za Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa zisomwe kabla ya basi kuondoka. Askari wa mbuga wahusishwe, walimu wa kike na wa kiume wawepo, dawa za huduma ya kwanza zisikosekane, na walimu wapokezane zamu ya usiku. Mwanafunzi ambaye afya yake hairuhusu kulala hemani atafutiwe kitanda karibu, naye ashiriki shughuli za mchana pamoja na wenzake. Shule isiyoweza kutimiza masharti haya isipige kambi.

Ningependa pia kuyatoa mapendekezo mawili. La kwanza, shule jirani zichange fedha zinunue mahema kwa pamoja, ziyatumie kwa zamu. Mahema yakitunzwa vyema hudumu miaka mingi, ilhali fedha za hoteli huisha asubuhi ya kuondoka. La pili, halmashauri za shule zijiwekee kanuni kwamba ziara ya darasa ni ya darasa zima. Kabla ya kuidhinisha mpango wowote, zimwulize mwalimu swali moja: ni wangapi watakaosalia? Jibu likiwa nusu ya darasa, basi mpango huo ni likizo ya wachache iliyopewa jina la elimu.

Tunahubiri kila siku kwamba Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unamtaka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Asiyeweza kulipia chumba cha hoteli atatenda lini?

Yule msichana wa insha alikuwa miongoni mwa wale 43. Usiku wa pili ilikuwa zamu yake kuchochea moto, nami nikamsikia akimwambia mwenzake anyamaze kidogo ili amsikilize fisi. Sikumwuliza kama ataikumbuka safari hiyo. Nilikwenda nikaongeza kuni.