DAWA YA MFANYAKAZI SI SADAKA

Manung'uniko ya wafanyakazi juu ya dawa za kadi ya bima si siri tena. Yanasikika maofisini, mashuleni na katika foleni za hospitali. Mtu hufika kwenye dirisha la dawa na cheti cha daktari mkononi, akaambiwa: hii imo, hii haimo, ile ukanunue mwenyewe. Yatupasa kulitazama jambo hili bila ya jazba na bila ya woga.

Kwanza na tukumbuke ni nani anayezilipia dawa hizo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Mwenye mshahara wa Sh. 600,000/- hukatwa Sh. 18,000/- kila mwezi kabla hajazitia machoni. Pamoja na za mwajiri, kwa mwaka mzima ni Sh. 432,000/-. Haba na haba hujaza kibaba. Basi mfanyakazi anyooshapo mkono dirishani haombi sadaka. Anachukua kilicho chake.

Tarehe 1 Machi, 2024, Mfuko ulianza kutumia kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na dawa pamoja na bei ambazo Mfuko utazilipia. Wenye hospitali za binafsi walipinga, wakisema kwamba bei hizo hazirudishi hata gharama zao, na baadhi yao wakasitisha kuwahudumia wenye kadi. Fahali wawili walipigana, na nyasi zikaumia. Mgonjwa hakuwamo katika ugomvi ule, lakini yeye ndiye aliyerudishwa mlangoni.

Hatusemi kwamba orodha ya dawa isiguswe. Mfuko ni chungu kimoja cha watu wengi. Kikichotwa ovyo, kesho hakutakuwa na cha kumpa yeyote. Tena dawa mbili zaweza kuwa na kiini kile kile na kazi ile ile, lakini moja ikauzwa kwa bei ya juu zaidi kwa sababu tu ya jina la kampuni lililoandikwa kwenye boksi. Tangu mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa orodha ya dawa muhimu ili nchi zichague kwa busara, na Tanzania inayo orodha yake ya taifa. Kuchagua dawa kwa kiini chake si kumpunja mgonjwa, maadamu dawa hiyo imepimwa na kuthibitishwa. Wafanyakazi nao waache dhana kwamba dawa ya ghali ndiyo iponyayo. Na yule amwazimaye jirani kadi yake, pamoja na mtoa huduma aandikaye dawa asiyoitoa, wote wawili wanawaibia wenzao.

Lakini haki ya kubadili orodha haiwi ruhusa ya kumshtukiza mgonjwa. Mwenye ugonjwa wa sukari au shinikizo la damu hanywi dawa kwa siku tatu akapona. Huinywa maisha yake yote. Akiambiwa leo kwamba dawa yake haimo, na mshahara umekwisha, atafanya nini? Wengine hupunguza vidonge, wakameza kimoja mahali pa viwili. Wengine huacha kabisa. Baada ya miezi michache hurudishwa hospitali wamepooza au figo zimeharibika, na hapo Mfuko hulipa fedha nyingi kuliko zile ulizotaka kuziokoa. Huo si uangalifu wa fedha.

Kwa hiyo twasema wazi. Kila badiliko la orodha litangazwe mapema, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na libandikwe mahali pa kazi na kwenye dirisha la dawa. Mgonjwa aliyemo katikati ya matibabu asikatiwe dawa yake mpaka daktari amempatia nyingine inayomfaa. Na wawakilishi wa wafanyakazi wakae mezani wakati orodha inapopangwa, wala wasiitwe baadaye kupewa habari tu. Vyama vya wafanyakazi navyo vilishike jambo hili kama vinavyolishika la mishahara, kwani dawa ni sehemu ya mshahara.

Shauri hili si la watumishi wa umma peke yao. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi wa Novemba, 2023, yakusudia kumwingiza kila mwananchi katika bima. Mkulima na mvuvi wanatazama jinsi mfanyakazi anavyotendewa dirishani. Wakiona kadi yake inaheshimiwa, watachanga kwa moyo mmoja. Wakimwona anarudi nyumbani mikono mitupu, hakuna hotuba itakayowashawishi.