Orodha kwanza, malipo baadaye

Tangu Aprili 2025, Marekani ilipotangaza viwango vipya vya ushuru kwa karibu kila nchi inayofanya nayo biashara, neno la Kiingereza tariff halijawatoka midomoni watu wa uchumi. Pamoja nalo imetufikia hadithi ya Tarifa, mji ulio ncha ya kusini ya Hispania, ambako eti maharamia walizitoza meli zilizopita na kulipa neno hilo jina. Nimeikata hadithi hiyo katika makala mbili za toleo hili, na nitaendelea kuikata. Mji ule uliitwa kwa jina la Tarif ibn Malik, aliyevuka bahari na kikosi chake mwaka 710. Neno la forodha limetoka katika ta'rif ya Kiarabu, yaani kujulisha, likapitia kwa Waturuki na wafanyabiashara wa Italia hadi likawafikia Waingereza mwishoni mwa karne ya 16. Ndugu yake wa damu tunaye: taarifa.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu lina hoja ambayo wachumi wetu wameipita. Hapo mwanzo tariff haikuwa fedha. Ilikuwa orodha iliyomwambia mwenye mali, kabla hajashusha mzigo, kila bidhaa inatozwa kiasi gani. Baadaye Waingereza wakayaita malipo yenyewe kwa jina la orodha.

Pwani yetu iliijua nguvu ya orodha. Mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, na Wamarekani uliweka asilimia 5 kwa shehena itakayoshushwa, ukasema hapo ndipo mwisho: hakuna ada ya nanga, ya rubani wala ya leseni juu yake. Nahodha wa Salem, bandari ya Marekani, aliweza kupiga hesabu zake akiwa bado baharini.

Sasa tazama hali yetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ushuru wa pamoja wa forodha tangu 2005, wenye viwango vya asilimia 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 kiwango cha 35 kwa bidhaa kama nguo, samani na mafuta ya kula. Kitabu chake ni kinene, kimeandikwa kwa Kiingereza, na kila mwaka wa fedha unapoanza gazeti rasmi la Jumuiya huongeza kurasa za nchi zilizoruhusiwa kutoza tofauti kwa mwaka mmoja. Orodha ya pamoja inayobadilika nchi kwa nchi kila Julai haimjulishi mtu kitu.

Mwagizaji wa makontena ana wakala wake. Anayeumia ni mama anayevuka Busia au Namanga na magunia mawili ya maharage. Mzigo wake ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya, umo katika orodha iliyokubaliwa na hauzidi dola 2,000, cheti chepesi cha asili ya bidhaa kinamtosha, na ushuru wa forodha hadaiwi. Asiyelijua hilo hulipa asichodaiwa, au hufuata njia za panya na kuhatarisha mtaji wote. Haki anayo, taarifa hana.

Makala inayofungua toleo inaitetea asilimia 35 kwa ajili ya viwanda vya nguo. Imeandikwa kwa bidii, lakini mimi siifuati: kiwango kinachotobolewa na misamaha ya kila mwaka hakimpi mwenye kiwanda muda wa kupanga lolote. Inayofuata inairudia sheria ya Smoot-Hawley ya 1930, iliyopandisha ushuru wa Marekani. Mshairi wetu ameandika juu ya bandari.

Kwa sekretarieti ya Jumuiya iliyoko Arusha nina ombi moja: itafsirini orodha ya mipakani kwa Kiswahili, muibandike mahali ambapo mama wa Busia ataisoma kabla hajafika dirishani.