Gari Bila Dereva: Tuliamini Lini?

Wanachama wenzangu, huko Marekani, katika miji kama Phoenix na San Francisco, abiria hulipa nauli na kupanda gari lisilo na mtu kwenye usukani. Wako wanaosema, "Si lije hata kesho! Angalau halilewi wala halishindani na mwenziwe." Kweli, madereva wetu wametutesa. Lakini wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao.

Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio la kampuni ya Uber lilimgonga na kumuua mama aliyekuwa akivuka barabara usiku akisukuma baiskeli. Uchunguzi ulionyesha kwamba programu yake haikutayarishwa kumfikiria mtu anayevuka mahali pasipo kivuko. Na yule aliyewekwa ndani kulinda usalama alikuwa akitazama simu! Haya, hapa Kakuyuni kivuko kiko wapi? Barabara hii ya kutoka Malindi kwenda lango la Sala huvukwa na watoto wa shule, mbuzi, na baiskeli zenye mitungi ya maji, popote pale. Gari lililofaulu Arizona halijafanya mtihani wetu.

Pia kuna jambo la ukweli. Oktoba 2023, San Francisco, gari la kampuni ya Cruise lilimburura mtu aliyekuwa amekwisha gongwa na gari jingine. Wakuu wa jimbo waliisimamisha kampuni hiyo, na mwaka 2024 ikakiri kwamba ilitoa ripoti ya uongo. Ajali huumiza mtu mmoja, uongo huua imani ya wote.

Msidhani haya ni ya Wazungu tu. Februari 2004, kwa kanuni za Waziri John Michuki, matatu zilifungwa vidhibiti mwendo zisizidi kilomita 80 kwa saa. Chombo kilikuwa kizuri, lakini baadaye wajanja walikichezea, wakaguzi wengine wakafumba macho. Basi mashine peke yake haitoshi, manake nyuma ya kila mashine kuna mtu.

Kwa maoni yangu, gari hilo lijaribiwe kwenye barabara zetu, likaguliwe na watu wasiolipwa na mwenye kampuni, na matokeo yasomwe barazani kwa Kiswahili, mabaya kwa mazuri. Likifaulu hapo, tutapanda. Likishindwa, lirudi gereji.

Je, msomaji, wewe waonaje?