Fedha za Kasindi zijenge huku

Kila Jumamosi asubuhi Butembo, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, huamka na jembe mkononi. Ni salongo, kazi ya pamoja ya mji. Mama mwenye mtoto mgongoni anabeba mawe, kijana wa pikipiki anajaza shimo mbele ya nyumba yao, mvua inakuja katikati ya juma inaosha udongo wote, na Jumamosi nyingine wako palepale. Mji wa mamia ya maelfu ya watu haujengwi hivyo, na wakubwa wanaotuhimiza tuendelee hivyo wanalijua hilo vizuri kutuzidi.

Wasituambie fedha hakuna. Nendeni Kasindi, mpakani na Uganda, muone malori yalivyopanga foleni. Saruji inalipiwa ushuru, vitambaa vinalipiwa, mafuta yanalipiwa. Juu yake tunalipa peaji, yaani ada ya kupita barabarani, na fungu la FONER, mfuko ulioundwa mwaka 2008 kwa matunzo ya barabara. Hayo yote yanatoka mifukoni mwetu, kwa sababu mfanyabiashara akilipa forodhani anaturudishia sisi gharama sokoni.

Na sheria iko upande wetu. Kifungu cha 175 cha Katiba ya 2006 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, tena ikatwe palepale inapokusanywa. Sheria ya Oktoba 2008 ikaongeza kwamba asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo ni ya miji, komini, sekta na shefari. Mpaka leo kinachofika ni makombo, na hayana tarehe. Meya asiyejua mwezi ujao atapata nini atapangaje mfereji wa kujengwa kwa miaka mitano? Atapaka ofisi rangi, atamwaga changarawe siku mgeni anapokuja, basi.

Anayeumia zaidi yuko mbali na ofisi hizo. Shukeni Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edward, ndani ya mbuga ya Virunga. Mitumbwi inaingia alfajiri, akina mama wanachagua tilapia wakiwa wamesimama majini, na kuanzia hapo ni mbio: samaki huyo lazima apande milimani mpaka soko la Butembo kabla hajaharibika. Mvua ikinyesha gari linazama kwenye matope. Mama anakaa kando ya njia na mzigo wake akihesabu saa. Asipopata chumvi au kuni za kuukausha, mtaji umekwenda, na deni aliloliacha ziwani linamsubiri. Maji ya kunywa yanachotwa ziwani humohumo, na kipindupindu kinajulikana vizuri katika pwani hii. Butembo inakula jasho la mama huyo kila siku. Halafu bajeti ikiandikwa, njia yake haimo.

Wageni wanapenda kutusifu kwamba sisi Wanande, watu wa huku, tunajijengea wenyewe. Kweli, katika miaka ya 1990, Mobutu akiwa bado madarakani, wafanyabiashara wetu walichangishana wakatengeneza barabara. Chuo kikuu cha Graben kilianzishwa mwaka 1989 bila kuingoja serikali. Ninawaheshimu wazee wale. Lakini sifa hiyo siipokei tena, kwa sababu imekuwa ruhusa ya kutulipisha mara mbili.

Barabara ya lami ambayo ujenzi wake ulizinduliwa Juni 2021 pamoja na Uganda inatoka Kasindi mpaka Beni, kilomita 80, kisha Beni mpaka Butembo, kilomita 54. Ni kazi ya maana, malori yataipita. Kyavinyonge haimo.

Bunge la jimbo letu, Kivu Kaskazini, limesimamishwa tangu Mei 2021, hali ya dharura ya kijeshi ilipotangazwa, kwa hiyo hakuna mbunge wa jimbo wa kutuulizia. Na tangu Goma, makao makuu ya jimbo, ilipoanguka mikononi mwa waasi Januari 2025, serikali ya jimbo inakaa Beni, jirani yetu kabisa. Bwana Gavana, tunataka orodha ya kazi za miaka mitano, kila kazi na kiasi chake na mwaka wake, ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya mji na pale bandarini Kyavinyonge. Njia ya samaki iwemo, na maji safi ya wavuvi yawemo. Vita visitumike kama kisingizio: ushuru wa Kasindi haukusimama kukusanywa kwa sababu ya vita. Ikiwa orodha haitatoka, basi wakusanyaji wasimame pale forodhani watueleze, mbele ya madereva na akina mama, fedha hizo zinajenga wapi.