Video ya Mnyonge na Kisingizio cha Akili Mnemba

Ni vitu vichache katika kizazi hiki vilivyompa raia mnyonge sauti mbele ya mwenye mamlaka kama ilivyofanya kamera ndogo ya kubeba mkononi, kwa kuwa kabla yake neno la mtu aliyepigwa na askari lilisimama peke yake dhidi ya taarifa yenye mhuri wa serikali, na aghalabu mhuri ndio uliosadikiwa. Wengi huhesabu mabadiliko hayo kuanzia usiku wa tarehe 3 Machi 1991, ambapo mkazi mmoja wa Los Angeles, George Holliday, alisimama kwenye roshani ya nyumba yake akarekodi polisi wakimpiga mtu mweusi aitwaye Rodney King. Na mwaka uliofuata mwanamuziki Peter Gabriel akawa miongoni mwa walioasisi shirika la WITNESS, ili watetezi wa haki za binadamu wapewe kamera na mafunzo ya kuzitumia. Hata hivyo, tangu mwanzo huohuo ilidhihirika kwamba video haijitetei yenyewe, kwani mahakama ya jimbo la California haikumtia hatiani hata mmoja wa askari wanne walioshtakiwa, na wawili kati yao walikutwa na hatia mwaka 1993 tu, baada ya kushtakiwa upya katika mahakama ya shirikisho.

Ikiwa mambo yalikuwa hivyo wakati ambapo hakuna aliyethubutu kudai kwamba kipigo kile hakikutokea, hali ni nzito zaidi leo, kwa sababu imepatikana akili mnemba, ambayo Wakenya wengi huiita akili unde, yaani programu za kompyuta zilizofunzwa kwa mamilioni ya picha na sauti hadi zikaweza kuunda picha na sauti mpya za mambo ambayo hayakuwahi kutokea. Mwishoni mwa mwaka 2017 programu hizo zilijulikana zaidi kwa kubandika uso wa mtu mmoja juu ya mwili wa mwingine. Kufikia mwaka 2025 ziliweza kutunga tukio zima, pamoja na maneno na kelele za mtaani, kutokana na sentensi chache zilizoandikwa kwenye simu. Madhara yake ni ya namna mbili. La kwanza, ambalo kila mtu huliona upesi, ni kwamba uongo utasadikiwa. La pili ni kwamba ukweli utakanwa, na hili ndilo kubwa zaidi, kwa sababu uongo unaosambaa huweza kufuatiliwa na kuumbuliwa, ilhali aliyeuawa mbele ya kamera, kisha kifo chake kikaitwa mchezo wa kompyuta, huwa amedhulumiwa mara mbili. Wanasheria wawili wa Marekani, Bobby Chesney na Danielle Citron, walilionya jambo hili mapema walipoeleza kwamba kadiri umma unavyozoeshwa kuamini kuwa video yoyote huweza kughushiwa, ndivyo mwongo anavyopata wepesi wa kuikana ile iliyo ya kweli.

Shaka ya namna hiyo haihitaji hata video bandia ili ilete madhara. Nchini Gabon, Rais wa wakati huo, Ali Bongo, ambaye alikuwa mgonjwa na hakuwa ameonekana hadharani kwa miezi, alitokea kwenye video ya salamu za mwaka mpya mwishoni mwa Desemba 2018, na kwa kuwa uso wake ulionekana mkavu na macho yake hayakupepesa kama kawaida, wapinzani wake wakadai kuwa imetengenezwa kwa kompyuta. Tarehe 7 Januari 2019 kikundi cha wanajeshi kikajaribu kuipindua serikali, ilhali hakuna uchunguzi uliothibitisha kwamba video ile ilikuwa ya kughushi.

Mfano ulio bora wa jinsi ukweli unavyokanwa, na wa jinsi unavyoweza kutetewa, ni ule wa Kameruni. Mwezi Julai 2018 ilisambaa video inayoonyesha askari wakiwaongoza wanawake wawili kwenye njia ya vumbi, mmoja akiwa amembeba mtoto mgongoni na mwingine akiwa na msichana mdogo kando yake. Wakatuhumiwa kuwa watu wa kundi la Boko Haram, wakafungwa vitambaa machoni, wakalazwa chini na kupigwa risasi. Waziri wa Mawasiliano wa wakati huo, Issa Tchiroma Bakary, aliikana akisema ni habari ya uongo, na miongoni mwa hoja zilizotolewa ilikuwa kwamba sare na silaha zinazoonekana si zile za askari wa eneo hilo. Ikumbukwe kwamba kanusho hilo halikuhitaji akili mnemba hata kidogo, kwani kisingizio ni cha kale, na teknolojia mpya imekinoa tu.

Wachunguzi wa shirika la Amnesty International, na baadaye waandishi wa BBC Africa Eye wakishirikiana na wachambuzi wa kujitolea, hawakubishana na waziri kwa maneno. Waliitazama video yenyewe, wakaona kwamba katika sehemu yake ya mwanzo, nyuma ya wale wanawake, upo ukingo wa safu ya milima wenye umbo lake mahususi, na wakaulinganisha na milima halisi hadi wakafika karibu na kijiji cha Zelevet, kaskazini ya mbali ya Kameruni, jirani na mpaka wa Nigeria. Kisha wakachukua picha za setilaiti za miaka mbalimbali na kutazama ni nyumba zipi zilikuwa zimesimama na zipi hazijajengwa au zimekwisha kubomolewa. Wakaona pia kwamba kijia kile huonekana katika picha za miezi ya kiangazi tu, kati ya Januari na Aprili. Mwishowe wakapima vivuli vya askari waliokuwa wakitembea, kwa kuwa urefu na mwelekeo wa kivuli hutegemea mahali jua lilipo, na kwa hesabu hiyo wakatamka kwamba mauaji yalifanyika kati ya tarehe 20 Machi na 5 Aprili 2015. Hata bunduki, ambayo ilitajwa kama hoja ya kuikana video, iligeuka kuwa ushahidi wa upande wa pili, maana mojawapo ilikuwa aina ya Zastava M21 inayotengenezwa Serbia, ambayo ni adimu katika eneo hilo lakini hutumiwa na baadhi ya vikosi vya Kameruni. Mwezi Agosti 2018 serikali yenyewe ilitangaza kuwakamata askari saba, na Septemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Yaoundé iliwahukumu wanne kifungo cha miaka 10 kila mmoja na wa tano miaka 2.

Yupo atakayesema kwamba ushindi huo ulikuwa wa mwaka 2018 na hauwezi kurudiwa, kwa sababu mashine ya leo inaweza kuchora hata mlima na kivuli. Pingamizi hilo ni la haki na halifai kupuuzwa. Lakini kuchora mlima mmoja ni jambo jepesi kuliko kuoanisha uongo na kila kitu kilicho nje ya fremu: picha za setilaiti za miaka iliyotangulia, hali ya hewa ya siku ile, kumbukumbu za hospitali, maneno ya majirani, na video za watu wengine waliosimama pembe tofauti. Nairobi, tarehe 17 Juni 2025, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi ya kichwa kwa karibu wakati wa maandamano, na tukio hilo lilinaswa na kamera hadharani, mchana, mbele ya umati. Mchuuzi huyo alifariki siku kadhaa baadaye, na askari akafikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji. Pale ambapo wengi wameona na wengi wamerekodi, anayetaka kudai kwamba kompyuta ndiyo iliyotunga hulazimika kuwaita waongo watu wote waliokuwepo. Kwa hiyo video isichukuliwe kuwa shahidi wa pekee. Ni shahidi mmoja anayepaswa kuletwa pamoja na wenzake.

Ipo pia njia ya kuifunga picha kwenye chimbuko lake tangu sekunde inapopigwa. Mwaka 2015 Chama cha Kimataifa cha Wanasheria kilizindua programu ya simu iitwayo eyeWitness to Atrocities, ambayo hurekodi pamoja na picha mahali na wakati ilipopigwa, huikokotolea alama ya kihesabu inayobadilika mara faili likiguswa hata kidogo, kisha huitunza nakala mahali ambapo mpigaji mwenyewe hawezi kuihariri. Picha zilizopigwa kwa programu hiyo zilitumika mwaka 2018 mbele ya mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako makamanda wawili wa kundi la waasi la FDLR walihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu uliotendwa Kamananga na Lumenje. Inafaa wasomaji wa Kiswahili walijue hili, kwa sababu mara nyingi husimuliwa kana kwamba mambo haya ni ya Ulaya na Marekani, na hali mojawapo ya kesi za kwanza kabisa za namna hiyo duniani ilisikilizwa katika nchi inayosema Kiswahili.

Hata hivyo programu hiyo haimo katika simu ya kila mtu, na tukio halimsubiri mtu aipakue. Mwenye simu ya kawaida anaweza kufanya mengi. Na atulize mkono, ashikilie kila picha kwa sekunde kumi au zaidi badala ya kuirusharusha kamera. Na aanze au amalizie kwa kuonyesha mazingira pande zote, kama vile mnara wa msikiti, bango la duka, namba ya gari, kona ya barabara au safu ya milima. Na ataje kwa sauti tarehe, saa na mahali, iwapo kufanya hivyo hakumhatarishi. Akishamaliza, asikate, asiongeze muziki wala maandishi juu ya faili la asili. Wengi huharibu ushahidi wao hapa bila kujua, maana video ikitumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp hubanwa ikapungua ubora, na taarifa zilizofichika ndani ya faili, kama saa na mahali ilipopigwa, hupotea. Bali ikitumwa kama waraka, faili hufika jinsi lilivyo. Nakala mbili zihifadhiwe mahali pawili tofauti, na ile ya asili isifutwe hata baada ya kurushwa mtandaoni, kwa sababu mitandao huondoa video zenye damu, kama ilivyotokea mwaka 2017 YouTube ilipofuta kwa wingi video za vita vya Syria zilizokuwa zimekusanywa na raia.

Juu ya hayo yote, uhai na heshima ya watu hutangulia ushahidi. Uso wa mwandamanaji unaoonekana wazi kwenye video iliyorushwa ovyo huweza kuwa hati ya kumkamata, na mwanamke aliyebakwa hana deni kwa mtu yeyote la kuonyeshwa ulimwenguni.

Watetezi wenyewe nao wana la kujirekebisha. Mwaka 2023 Amnesty International, shirika lilelile lililosaidia kuitetea kweli ya Zelevet, lilichapisha picha zilizoundwa kwa akili mnemba kuonyesha ukatili wa polisi katika maandamano ya Colombia ya mwaka 2021, kwa sababu iliyosikika kuwa ya huruma, yaani kuficha nyuso za waandamanaji, na likalazimika kuziondoa baada ya kulaumiwa. Lawama hiyo ilistahili. Ukatili ule ulikuwa wa kweli na ulikuwa umepigwa picha na waandishi waliohatarisha maisha yao, na kuweka mchoro wa mashine mahali pa picha zao kulikuwa kumkabidhi mkanushaji hoja ambayo asingeweza kuipata kwa juhudi zake.

Wala msomaji asitegemee kwamba mashine nyingine itamwokoa. Zipo programu za kubaini video za kughushi, lakini uhakika wake hupungua video inapokuwa imebanwa na kutumwa mara nyingi, na pia inapohusu lugha na nyuso ambazo programu hizo hazikufunzwa vya kutosha. Kwa hiyo jibu lake haliwezi kuwa hukumu. Hata hivyo, sheria za Afrika Mashariki hazikuwaacha mahakimu mikono mitupu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015, katika kifungu cha 18, inaitaka mahakama ipime jinsi ushahidi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama umebaki mzima, na Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inadai cheti kinachoeleza chanzo cha rekodi ya kielektroniki. Vipimo hivyo humbana anayeleta video. Kinachokosekana, ndani na nje ya mahakama, ni kumbana vivyo hivyo anayeikana, kwa kuwa kusema "hiyo ni akili mnemba" nako ni kudai jambo, na mwenye kudai hudaiwa thibitisho, seuze akiwa ana polisi, maabara na wataalamu chini ya amri yake, ilhali aliyerekodi ana simu yenye kioo kilichopasuka.

Basi wahariri wa magazeti na redio wasiupokee tena ukanusho wa namna hiyo kama habari iliyokamilika. Msemaji akitamka kwamba video ya mauaji imetengenezwa, na aulizwe palepale ni sehemu gani iliyotengenezwa, uchunguzi umefanywa na nani, faili gani lilichunguzwa, na aliyeonekana akianguka kwenye video hiyo yuko wapi leo. Na asipojibu, gazeti liandike kwamba hakujibu.