Mafua ya Mama Mjamzito

Pepo za kusi zinapovuma Kilwa Masoko, mnamo Juni na Julai, kikohozi hakikosekani majumbani. Sisi watu wa pwani tumezoea kuyahesabu mafua kuwa ni ugonjwa wa upepo: huja na kipupwe, huondoka nacho. Lakini mafua huletwa na virusi, navyo hupita baina ya watu kwa chafya, kikohozi na mikono. Kijana apakuaye samaki gatini huyatembeza mpaka yakaisha. Mama mwenye mimba ya miezi saba hawezi kuyafanyia mzaha huo.

Mimba ikuapo, mji wa mimba huyasukuma juu mapafu, yakakosa nafasi ya kutanuka, ilhali mama anavuta hewa ya watu wawili. Moyo nao umekwisha kuongezewa kazi, na kinga ya mwili imebadilika. Virusi vikishuka kifuani, mama huyo hana akiba.

Mambo haya yalijulikana zamani. Homa kuu ya mwaka 1918 ilipoizunguka dunia, Afrika Mashariki nayo isisalimike, daktari wa Marekani aitwaye Harris alikusanya habari za wajawazito 1,350 waliougua, akazichapisha mwaka 1919. Karibu nusu yao walipata nimonia, na zaidi ya robo ya wote walifariki. Kweli, siku hizo hapakuwa na dawa za kuua bakteria. Hata hivyo, katika mlipuko wa H1N1 wa mwaka 2009, na tena katika UVIKO-19, wajawazito walizidiwa kuliko wanawake wengine wa umri wao, na wengi wakajifungua kabla ya wakati.

Huku kwetu Lindi iko hatari nyingine ya pekee. Homa ikimshika mjamzito, kila mtu husema ni malaria. Ni haki kushuku hivyo, na kipimo ni lazima. Lakini kipimo kikionyesha hakuna malaria, jamaa hushusha pumzi na kumrudisha mgonjwa nyumbani, na kifua hakuna aliyekisikiliza. Isitoshe, magonjwa mawili yaweza kumkuta mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Wengine humfunika mama blanketi juu ya nyungu. Mvuke hulegeza pua, hauui virusi. Na joto kali pamoja na kizunguzungu havimfai mwenye mimba. Parasetamoli kwa kipimo chake hushusha homa. Asprini asimeze bila ya kuambiwa na mganga wa kituo.

Mama akihema hali ameketi, akiumwa kifua, midomo ikigeuka rangi, homa ikikataa kushuka, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, na ikibidi hospitali ya Kinyonga, Kivinje. Baba anayekohoa alale chumba kingine, naye asione haya. Kliniki mama aulize habari za chanjo: Shirika la Afya Duniani mwaka 2012 liliwatanguliza wajawazito katika chanjo ya mafua, kwani humkinga pia mtoto mchanga ambaye hawezi kuchanjwa kabla ya miezi sita.

Walioko Kisiwani na Songo Songo wapatane na mwenye mashua mapema, kungali mchana, kabla pumzi haijaanza kukatika.