Mjomba anataka raifo: ya msituni au ya mbugani?

Nilipotea kidogo, kazi za chumba cha habari zilinibana. Leo nimerudi na swali ambalo si langu. Ni la mjomba wangu.

Mjomba analima tambarare ya Same, upande wa mashariki wa milima ya Upare, kule kunakotazamana na Mkomazi. Juzi usiku kanipigia simu. Tukasalimiana weee (kwetu salamu hazina haraka, mnaulizana mpaka hali ya mbuzi), kisha akaingia kwenye hoja: "Mjomba, wewe ni mwandishi, unajua watu huko Dar. Niulizie bei ya raifo. Nataka moja tu, itakayofaa huko juu kwenye msitu na huku chini kwenye mbuga."

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Mahindi yangu yameliwa mara mbili msimu huu," akasema.

Nikaacha kucheka. Nikafanya kile ninacholipwa kukifanya, yaani kuuliza. Nimeongea na mzee mmoja aliyekuwa askari wa wanyamapori, nikaongea na jamaa anayefanya kazi na kampuni za uwindaji wa kitalii Arusha, nikasoma na sheria. Sasa nina majibu mawili. La kwanza mjomba atalipenda. La pili halitampendeza, na huenda hata baadhi yenu msilipende.

Tuanze na la kwanza: bunduki yenyewe.

Wenzetu Marekani hubishana jambo hili kila msimu wa kuwinda unapokaribia. Wao wana yule mnyama wa pembe za matawi ambaye huku kwetu porini hayupo. Sisi kwenye vichaka tuna mbawala, na kwenye uwazi tuna swala, kongoni na pofu. Tatizo ni lile lile. Kichakani mnyama unamwona akiwa hatua thelathini, sekunde mbili tu, kisha kapotea. Mbugani unamwona vizuri kabisa, ila yuko mita 200 na hakuna pa kujificha ili umsogelee.

Wengi wanadhani msituni inahitajika risasi nzito ya mwendo wa taratibu, eti "inapasua" matawi. Mzee alicheka aliposikia hilo. Risasi yoyote ikigusa kijiti inapinda, nzito au nyepesi. Wanaozijaribu wamelithibitisha mara nyingi. Msituni unasubiri upate nafasi safi, usipoipata hupigi. Mnyama aliyejeruhiwa akaingia kichakani ni mateso kwake na hatari kwako.

Shotigani je? Ni nzuri kwa ndege, na kwa kitu kilicho karibu sana. Ukimpigia pofu wa mita 150 kwa shotigani unamtesa tu. Na .22? Hiyo ni ya kanga na sungura, jamani. Kuna watu wanawapigia swala wakubwa kwa .22 kwa sababu haina kelele. Kwa mtu wa namna hiyo, kutokuwa na kelele kuna sababu yake, na sababu hiyo mnaijua.

Kwa hiyo ukitaka moja tu, wote wawili walinipa jibu linalofanana: raifo ya bolti, ile unayokoki kwa mkono kila baada ya risasi, ya .308 au .30-06. Hii ya pili ni ya mwaka 1906, na Rais wa zamani wa Marekani, Theodore Roosevelt, alikuja nayo Afrika Mashariki mwaka 1909. Risasi yake ya kawaida ina uzito wa gramu 11 hivi na inatoka mtutuni kwa kasi ya zaidi ya mita 800 kwa sekunde. Inamtosha mbawala, na mpigaji makini anampata pofu pia. Mtutu usiwe mrefu mno, sentimita 55 hivi zinatosha, usije ukanasa kwenye matawi. Darubini iwe ile ya kuongeza na kupunguza: unaiweka chini kabisa msituni ili uone eneo pana, unaipandisha ukifika mbugani. Na iwe bunduki ambayo bega lako linaihimili. Ukishaanza kuogopa teke la bunduki unafumba macho kabla ya kuvuta, na hapo hata ingekuwa ya dhahabu hupati kitu.

Jibu la kwanza ndilo hilo. Mjomba angesikia hapo angeuza mbuzi wawili kesho asubuhi.

Sasa tuje kwenye la pili. Nilimuuliza mzee swali dogo tu: "Hiyo raifo, mjomba ataipigia wapi?"

Hebu tuangalie ramani pamoja. Huko juu anakokuita "msituni" ni Chome, msitu unaozunguka kilele cha Shengena, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Ni hifadhi ya mazingira asilia. Huko chini anakokuita "mbugani" ni Mkomazi. Mkomazi ilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951, wafugaji waliokuwa wakiishi ndani wakaondolewa mwaka 1988, na mwaka 2008 ikawa hifadhi ya taifa. Pori la akiba kisheria linaweza kuwindwa kwa kibali. Hifadhi ya taifa hakuna kibali cha kuwinda, uwe tajiri wa Texas au mkulima wa tangawizi wa Mamba Myamba.

Maana yake ni kwamba mjomba ameuliza bunduki ya msitu na mbuga wakati msitu wake na mbuga yake vyote vimefungwa. Akitaka kuwinda kihalali itabidi apate leseni ya silaha polisi, apate kibali cha TAWA, halafu asafiri hadi eneo lililofunguliwa kwa uwindaji. Kwa mwindaji wa kweli hiyo sawa. Lakini tuseme ukweli, mjomba si mwindaji. Mjomba ni mkulima aliyechoka kulala juu ya dungu na debe la kupiga.

Na anayemla mahindi ni nani? Si mbawala. Ni tembo, na siku nyingine nguruwe pori. Kwa tembo, hiyo .30-06 niliyoisifia ni fimbo tu. Kanuni za uwindaji zinataka kuanzia .375 kwa wanyama wa aina hiyo, na hata ungekuwa nayo, tembo si wa kupigwa na raia kwa uamuzi wake shambani. Ukimjeruhi bila kumwua umemtengenezea jirani yako balaa la kesho. Ukimwua, kesho yako ni mahakamani. Na sisi Wapare tunatajwa kuwa tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, ila hii si kesi ya kujaribu.

Halafu kuna jambo ambalo wauza bunduki hawalitaji. Risasi ya raifo ikimkosa mnyama haikai pale. Ikipigwa juu inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3. Mbugani kusiko na watu sawa, inaishia kwenye mchanga. Lakini kule kwetu, kilomita 3 kutoka shamba la mjomba kuna shule, kuna zahanati, kuna barabara, na kuna wakulima wengine juu ya madungu yao gizani.

Hili sisemi kwa kusoma. Nikiwa darasa la tano jirani yetu mwenye gobore alisikia kitu kinavunja mahindi usiku. Akapiga. Kilichokuwa kinavunja mahindi hakikuwa nguruwe, alikuwa kijana wa shamba la pili aliyekuja kuwafukuza hao hao nguruwe. Kijana alipona, ila mpaka leo anachechemea. Koo zile mbili hazijapeana mikono ya msibani kwa miaka. Hilo lilikuwa gobore tu. Ingekuwa raifo yenye darubini tungekuwa tunahesabu makaburi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mjomba asinunue. Lakini (na hapa naomba msinisome nusu) nakataa kabisa kuishia hapo. Ni rahisi sana kwangu mimi niliyekaa Dar, ninayenunua unga dukani, kumwambia mtu aliyeliwa shamba kwamba "silaha ni hatari". Kuna watu humu mjini wanapenda tembo kwenye kalenda. Mjomba anampokea tembo saa nane za usiku.

Mwaka 2013 tulishuhudia Operesheni Tokomeza. Ililenga majangili, ikaishia kusimamishwa kwa sababu wananchi waliteswa, na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Somo nililolipata ni kwamba tunaweza kukusanya magari, askari na bunduki kwa haraka ya ajabu kumlinda mnyama dhidi ya mtu. Ila mtu akipiga simu kwamba mnyama yuko shambani, anaambiwa gari halina mafuta. Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi ziliweka shilingi milioni 1 kwa mtu aliyeuawa na mnyama. Hata jina lenyewe linakiri, wadau. Machozi yanafutwa, hasara hailipwi.

Raifo ambayo mjomba anaihitaji ipo tayari. Iko mikononi mwa askari aliyefunzwa, anayejua lini apige hewani na lini asipige kabisa. Kinachokosekana ni huyo askari kufika kabla ya alfajiri. Wilaya inayopakana na hifadhi ya zaidi ya kilomita za mraba 3,000 inastahili kikosi cha usiku chenye gari na mafuta, msimu wote wa mavuno. Wakati tukikisubiri, tuangalie majirani. Kule Sagalla, Taita, ng'ambo tu ya mpaka, wakulima wamening'iniza mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba. Tembo anaogopa nyuki, na watafiti waliona wengi wa waliokaribia waligeuza. Zaidi ya hapo mkulima anavuna asali. Bunduki ipi inakupa asali?

Jana nimempigia mjomba. Nikamweleza yote, .308, darubini, Chome, kilomita 3, yule kijana anayechechemea. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limeisha. Kisha akasema: "Sawa, mjomba. Raifo sinunui. Ila leo usiku wakija, nimpigie nani?"

Sikuwa na namba ya kumpa. Kama kuna mdau mwenye namba inayopokelewa saa nane za usiku, mjomba anaisubiri.

Naomba kuwasilisha.